Watu Kumi Ijumaa Jioni

REHEMA: Wasikilizaji, karibuni. Mimi Rehema, na mwenzangu Baraka ndiyo kwanza anavuta kiti.

BARAKA: Foleni ya Mwenge, dada. Nisamehe.

REHEMA: Nilishazoea. Leo tuko Mbale, mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon. Kuna kilima kinaitwa Nabugoye, na juu yake sinagogi. Wanaosali humo ni wakulima wa kahawa na migomba. Wanaitwa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda.

BARAKA: Mimi nilidhani ni yale makabila yaliyopotea ya Israeli.

REHEMA: Hapana. Wenyewe hawadai hivyo. Chanzo ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewapigania Waingereza huko mashariki, wao wakamnyima ukubwa alioutarajia. Akageukia Biblia, akakwama kwenye Agano la Kale. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe.

BARAKA: Mtu mzima vile!

REHEMA: Inasimuliwa aliambiwa tohara hiyo ni ya Wayahudi, akajibu basi sisi ni Wayahudi. Alifariki 1928, watu wake wakabaki na Sabato yao.

BARAKA: Sasa dada, mimi kilichonishika ni hesabu. Kuna sala zao hazisaliwi mpaka wapatikane watu wazima kumi. Wanaita minyani. Kwingine wanahesabiwa wanaume tu, Nabugoye na wanawake wamo.

REHEMA: Na mojawapo ni kadishi, ile ya mfiwa.

BARAKA: Ndiyo hiyo! Umefiwa na mama, unataka kumsalia, huwezi peke yako. Lazima tisa watoke makwao waje. Mtu akiwa msibani sisi tunamwambia "tuko pamoja", halafu tunatuma rambirambi kwa simu. Kule ukikosa kwenda, sala ya mwenzio imekwama.

REHEMA: Umenipiga dongo mimi au wasikilizaji?

BARAKA: Nimejipiga mwenyewe. Wiki iliyopita nilituma kwa simu.

REHEMA: Haya. Sasa fikiria hesabu hiyo enzi za Idi Amin. Alipiga marufuku dini yao, masinagogi yakafungwa. Inakadiriwa walikuwa kama 3,000. Utawala wake ulipoisha walibaki kama 300. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu, na mimi siwalaumu, mtu ana watoto. Waliobaki walisali majumbani kwa siri.

BARAKA: Hapo kupata kumi si kazi ndogo. Kila unayemwita unamkabidhi shingo yako.

REHEMA: Lakini Ijumaa haingoji serikali. Jua likizama Sabato imeingia, Amin atake asitake. Nadhani hilo ndilo lililowashikilia, zaidi ya matumaini. Hakuna aliyejua lini yataisha, ila kila mtu alijua Ijumaa ni lini.

BARAKA: Na yaliisha lini? Tarehe 11 Aprili 1979, Kampala mikononi mwa majeshi yetu ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda.

REHEMA: Angalia kalenda ya Kiyahudi sasa. Jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo uliokuwa mkesha wa Pasaka yao. Usiku wa kula mkate usiotiwa chachu na kusimulia jinsi Farao alivyoshindwa.

BARAKA: Acha!

REHEMA: Haki ya Mungu.

BARAKA: Mjomba wangu alikuwa mwanajeshi kwenye vita ile. Hadithi zake zote ni matope na viatu vilivyobana. Hajui kama alikuwa kwenye Pasaka ya watu.

REHEMA: Mpigie. Miaka ya 80 vijana walipanda tena Nabugoye kujenga upya. Mmoja wao, Gershom Sizomu, akaenda kusomea urabi Los Angeles, akawekewa mikono 2008, na 2016 akachaguliwa mbunge. Zaburi wanaziimba kwa Kiluganda, na gitaa.

BARAKA: Usisahau kahawa. Kuna mwenzao J.J. Keki, alikuwa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 2001. Aliporudi akapita nyumba kwa nyumba kwa majirani Waislamu na Wakristo, na 2004 wakaanzisha ushirika, Mirembe Kawomera.

REHEMA: "Amani tamu", kwa Kiluganda.

BARAKA: Kahawa yenyewe ni chungu, lakini sawa.

REHEMA: Baraka, msiba wa wiki iliyopita ulikuwa wapi?

BARAKA: Kimara. Matanga bado hawajaanua.

REHEMA: Basi tuzime maikrofoni. Nitakusindikiza.