Posamu Chini ya Baraza

ZUHURA: Wasikilizaji, leo ni zamu ya posamu, mnyama wa usiku wa huku Marekani anayebeba watoto kwenye mfuko wa tumboni. Juzi nimechelewa kazini, na bosi nikamwambia ukweli: kwenye buti la gari nina mzoga wa posamu.

BARAKA: Mh! Mzoga, dada?

ZUHURA: Kagongwa mtaa wa nyuma. Nimeinama, naona mfuko wa tumboni unatikisika. Watoto wako hai!

BARAKA: Ukawatoa.

ZUHURA: Hawatolewi! Wakiwa wachanga, chuchu inavimba kinywani mwa mtoto. Ukimvuta unamuumiza. Nimevaa glavu, nimemviringisha mama na wanawe kwenye taulo, pembeni chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, nikampigia mlezi wa wanyamapori mwenye kibali. Kanikataza kuwapa maziwa ya ng'ombe, hata maji. Kasema walete tu.

BARAKA: Houston hii! Sisi Pangani tuna komba.

ZUHURA: Umeanza na komba wako.

BARAKA: Si ndiye yeye? Wa usiku, wa mitini…

ZUHURA: Komba ni ukoo wa kima. Posamu mimba yake siku 12 au 13, anazaa kitoto cha ukubwa wa nyuki, kinatambaa chenyewe mpaka mfukoni.

BARAKA: Lakini posamu wako hanywi tembo! Babu yangu mgema. Asubuhi akipanda anakuta kibuyu kimepungua, manyoya yamenasa mdomoni. Akaziba kwa makumbi, komba kayafumua. Usiku wakilia, sisi watoto gubigubi.

ZUHURA: Akawaua?

BARAKA: Wapi! Katundika kibuyu kikuukuu mnazi wa pembeni, akasema hilo fungu lao.

ZUHURA: Babu kawaachia fungu, wewe unamfukuza posamu chini ya baraza yako!

BARAKA: Chini ya mnazi wa babu hakuchezi mtoto. Binti yangu ana miaka miwili, na mavi ya posamu yako penye bembea yake. Naziba kwa wavu.

ZUHURA: Msimu huu? Utafungia watoto ndani, mama nje. Ingiza bakuli la paka usiku, funika pipa la taka, atahama.

BARAKA: Namwaga unga mlangoni pake. Nikiona nyayo zimetoka, naziba.

ZUHURA: Nyayo za mama hazikwambii nani kabaki ndani.

BARAKA: Huna mtoto anayeokota kila kitu akatia mdomoni.

ZUHURA: Sina. Na bado sikubali.

BARAKA: Hata mimi.

ZUHURA: …

BARAKA: Dada, dakika mbili zimebaki.

ZUHURA: Na karatasi nzima ya maswali sijaigusa! Haya: ukimkuta mdogo peke yake, mkadirie urefu bila mkia. Chini ya sentimita 18 hivi, tafuta mlezi. Zaidi ya hapo, kama hajaumia, mwache aende zake.

BARAKA: Na kichaa cha mbwa? Wameuliza wengi.

ZUHURA: Kwa posamu ni nadra sana. Akikutolea meno, na anayo 50, ni woga. Akizirai, rudi nyuma, ondoa mbwa, ataamka. Sasa kuhusu posamu wa darini…

BARAKA: Muda, dada. Wiki ijayo tuna mgeni wa mambo ya bima.

ZUHURA: Akichelewa, naanzia darini.