Kitalu huuzwa kabla ya fomu kujazwa

Ndugu zangu wa Mwanza, salamu tumeshamaliza. Mimi nina jambo lile lile: rushwa kwenye maeneo ya madini. Walionisikia Geita wanaweza kwenda kunywa chai.

Ukitaja rushwa ya madini, watu wanafikiria bahasha. Bahasha huja mwisho! Kinachouzwa kwanza ni taarifa. Sheria ya Madini ya 2010 inampa kipaumbele aliyetangulia kuomba. Sawa. Lakini ametanguliaje?

Tuchukue mfano. Kampuni imerudisha eneo lake la utafiti serikalini. Vijana wa rashi, wale wanaokimbilia dhahabu ikisikika, wako pale, maduara ya kuchimbia yameshakatwa, karasha za kusaga mawe zinanguruma. Hakuna aliyewaambia kwamba eneo liko wazi. Anayejua yuko ofisini, na shemeji yake. Kukicha, shemeji ameshaomba leseni ya mchimbaji mdogo. Leseni moja haizidi hekta 10, kwa hiyo ameomba nane zinazopakana: kwa jina la mwanawe, la dada wa kazi, hata la shangazi aliyezikwa zamani. Baadaye anashuka kwenye gari na miwani yake myeusi: "Mnachimba kwenye leseni yangu. Mifuko ya mawe ya dhahabu tunagawana." TAKUKURU wakija watakuta nini? Ada imelipwa na risiti zipo zote!

Nakuona kule nyuma unatikisa kichwa: "Mzee, siku hizi maombi ni ya mtandaoni." Najua, mwanangu. Kompyuta itaandika saa uliyoomba. Haitaandika nani alimpigia nani simu usiku uliotangulia.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Eneo likirudishwa, litangazwe kwa wote, na itajwe siku ya kuanza kupokea maombi. Kabla leseni haijatoka, majina ya waombaji yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, siku 30. Kwa nini kijijini? Kwa sababu Dodoma hawajui kama shangazi amefariki. Kijijini walimzika wao!

Wapo watakaosema majina ni siri ya biashara. Siri gani? Tanzania ilijiunga na EITI, mpango wa kimataifa wa uwazi wa madini, mafuta na gesi, 2009, tukatunga sheria ya uwazi ya madini, mafuta na gesi 2015. Inataka mikataba na leseni zitangazwe, pamoja na majina ya wenye hisa. Bunge letu wenyewe lilipitisha. Anayeona haya kutajwa jina akauze vitenge.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, vizimba vya kufugia samaki ziwani, haraka haraka; mchezo ni ule ule. Sehemu tulivu zenye kina cha kutosha kwenye Ghuba ya Mwanza si nyingi, na kila mwenye hela sasa anataka kizimba. Nani anagawa maji hayo, na kwa orodha ipi? BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo husika, waliulizwa, au waliona maboya tu asubuhi? Orodha hiyo nayo ibandikwe mwaloni.

Mchanga wa mitoni sijaugusa kabisa, na wenye malori naona wamefurahi. Mwenyekiti, kipaza sauti chako hiki.