Chupa ya Dodoma kwenye meli

ELI: Karibu tena msikilizaji. Hapa Moshi mvua imekatika sasa hivi na mlima umefunguka mpaka kileleni. Mimi ni Elibariki, na niko na Dada Aika. Shikamoo dada.

AIKA: Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo mnaotusikiliza.

ELI: Wiki iliyopita ulisema ulimsindikiza mama kwenye safari ya meli ya kitalii. Meseji zimeingia nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu anaweza kupanda na pombe yake?

AIKA: Nitajibu vizuri, maana hilo jambo liliniumiza kweli. Mama alikuwa anatimiza miaka 70. Dada yangu anaishi Marekani, akasema safari hii tusichinje, tumtoe mama, akaone bahari siku 5 kutokea Miami. Sasa mimi ni mtoto wa Kibosho, siwezi kwenda kwa shemeji mikono mitupu. Nikabeba chupa mbili. Moja waini nyekundu ya Dodoma, ya kufungua siku ya mama. Nyingine konyagi ya shemeji. Ana miaka 11 hajakanyaga nyumbani, na kila akipiga simu lazima aulizie konyagi.

ELI: Na pale uwanja wa ndege wa KIA ukapita nazo?

AIKA: Bila shida, kwa sababu zilikuwa kwenye begi kubwa. Begi la mkononi kwenye ndege halipitishi chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100, kwa hiyo chupa inakwenda chini na mizigo. Pombe isiyozidi asilimia 24 haina kikomo zaidi ya uzito wa begi lako. Ikizidi 24 mpaka 70, mwisho lita 5 kwa mtu. Juu ya 70 hairuhusiwi kabisa. Konyagi ni asilimia 35, imo. Ukifika Marekani, aliyetimiza miaka 21 anaingiza lita 1 bila ushuru. Mimi nilikuwa na lita 1 na nusu, nikaitaja yote kwenye forodha.

ELI: Mpaka hapo umefuata kila kitu.

AIKA: Kila kitu. Kumbe meli ni kinyume cha ndege! Naomba msikilizaji alishike hili hata kama atasahau mengine: kwenye ndege chupa inakaa begi kubwa, kwenye meli chupa ya waini inakaa begi la mkononi. Bandarini wapagazi wanachukua mabegi makubwa mapema, yana lebo ya namba ya chumba, yanapita kwenye mashine ya eksirei huko nyuma bila wewe kuwepo. Wewe unapita kwingine na mkoba wako.

ELI: Na chupa zako zilikuwa wapi?

AIKA: Waini nilikuwa nimeihamishia kwenye mkoba. Si kwamba nilijua, niliogopa tu ikipasuka itaharibu nguo za mama. Yule askari wa mlangoni akaitoa, akaigeuza, akasoma lebo taratibu, akauliza Tanzania mnalima zabibu? Nikamwambia tunalima, Dodoma. Akanirudishia. Ila konyagi ilibaki kwenye begi kubwa, imeviringishwa kwenye kitenge. Shemeji mwenyewe alisema tutaifungua huko huko baharini.

ELI: Ehee.

AIKA: Jioni mabegi ya wenzetu yakaanza kufika kwenye korido. La kwetu halionekani. Gauni la mama la kitenge lilikuwa humo, lile la chakula cha usiku wa kwanza. Mama amekaa kitandani na nguo za safari, ananiuliza, mwanangu, begi limepotea? Baadaye tukapigiwa simu twende ghorofa ya chini. Chumba kizima mabegi yamepangwa ukutani. Kijana amevaa glavu akafungua la kwangu mbele yangu, akaingiza mkono moja kwa moja pale pale penye chupa. Alikuwa na adabu, sitamsema vibaya. Akaishika kwa shingo, akaiweka kwenye kreti na nyingine. Nikamuuliza kama nitaipata siku ya kushuka. Akasema hapana, hizi zinamwagwa.

ELI: Pole sana dada.

AIKA: Nimeshapoa. Ila ile chupa ilitoka Moshi mpaka Miami salama, ikaja kumwagwa wakati nyumba ya shemeji tuliiacha asubuhi ile ile. Ningeiacha kabatini kwake ingemsubiri. Kwa hiyo zawadi ya mtu iacheni nyumbani kwake kabla ya kwenda bandarini.

ELI: Sasa tuwaeleweshe watu kwa nini meli zinabana hivi. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi hapa mjini, nafananisha na kumbi. Kuna ukumbi wanakuambia lete kreti zako kutoka depo, na bei ya ukumbi iko juu. Mwingine wanakupa bei nafuu, lakini vinywaji lazima ununue kwao, maana ndiko wanakopatia. Meli nyingi kubwa ziko kama ukumbi huo wa pili. Nauli inavutia, lakini baa, kasino na matembezi ya nchi kavu ndiyo yanayowapa faida.

AIKA: Kweli, na kuna usalama pia. Kaunta wanaweza kuacha kukuhudumia wakiona umezidiwa. Mtu mwenye chupa yake chumbani hakuna anayemhesabia, na nje ya mlango ni sitaha na bahari. Hiyo sababu mimi naikubali kabisa.

ELI: Sheria zenyewe zikoje?

AIKA: Kampuni nyingi kubwa zinaruhusu kila mtu mzima chupa 1 ya waini au shampeni ya mililita 750, siku ya kupanda tu, kwenye begi la mkononi. Bia hapana, pombe kali hapana, ndiyo maana konyagi ikachukuliwa. Carnival ndivyo wanavyofanya. Norwegian wanakubali waini lakini wanatoza ada ya kufungua chupa, nilipoangalia ilikuwa dola 15 kwa ya mililita 750, hata ukiinywa chumbani kwako. Disney ni wapole kuliko wote niliowaona: mtu mzima anaruhusiwa chupa 2 za waini au bia 6, tena kila bandari mnayopanda. Hizi sheria zinabadilika, kwa hiyo soma masharti ya tiketi yako wewe, usiende na ya kwangu.

ELI: Na umri?

AIKA: Ukipandia Marekani ni 21. Sisi huku tumezoea 18. Mpwa wangu wa miaka 19 hakuhesabiwa, chupa ilikuwa kwa jina langu.

ELI: Na ukinunua njiani, kwenye visiwa?

AIKA: Kampuni nyingi wanaipokea mlangoni unaporudi, wanakupa risiti, unaikuta mwisho wa safari. Hata ya duka lisilo na ushuru la humo humo melini.

ELI: Kuna kijana ametuandikia kutoka Majengo. Anasema amesikia watu wanajaza vodka kwenye chupa ya dawa ya kusukutua, wanatia na rangi ya kijani.

AIKA: Wanafanya, na watu wa meli wameliona miaka mingi. Kuna mpaka vifuko bapa vya plastiki vinauzwa kwa kazi hiyo, ukiviona utadhani viroba vyetu.

ELI: Viroba vilivyopigwa marufuku Machi 1, 2017.

AIKA: Hivyo hivyo. Plastiki hailizi kigunduzi cha chuma, lakini eksirei inaona kimiminika. Na ujanja wa watu wachache umewagharimu wote: mwaka 2015 Carnival na Norwegian walizuia abiria kuja na maji yao ya chupa, kwa sababu watu walikuwa wanatia pombe humo. Abiria asiye na hatia sasa anabanwa na sheria iliyoletwa na mtu aliyetaka kukwepa baa. Kijana wangu wa Majengo, usifanye. Unaweza kuzuiwa usipande kabisa, na nauli hairudi.

ELI: Mwingine anauliza mbege.

AIKA: Jamani! Mbege haisafiri hivyo. Mbege ni ndizi na ulezi ambao bado unachacha, ina gesi. Baba mdogo alikuwa anaipeleka Dar kwa basi kwenye dumu, mdomoni anaweka jani la mgomba badala ya kifuniko, ipumue, na njia nzima ameishika katikati ya magoti. Ukiiziba na kuiweka kwenye begi la ndege, utaikuta imefungua begi yenyewe. Yule wa nje mwenye hamu ya mbege, aje nyumbani, akae chini ya mgomba apewe kwenye kata.

ELI: Na vile vifurushi vya vinywaji wanavyouza melini, unalipa kwa siku?

AIKA: Piga hesabu kwanza. Carnival wanaweka kikomo cha pombe 15 kwa saa 24, na juu ya bei kuna ada ya huduma, kwenye kampuni nyingi ni asilimia 18 mpaka 20. Kubwa zaidi, mara nyingi mmoja akinunua, kila mtu mzima wa chumba hicho lazima anunue. Mimi nilikuwa chumba kimoja na mama, na mama glasi moja ya waini inamtosha siku nzima. Tukaacha. Tulinunua moja moja.

ELI: Sasa ile ya Dodoma.

AIKA: Usiku wa tatu ndiyo ilikuwa siku yake. Gauni limepigwa pasi, tumekaa sote mezani. Nilitozwa dola 15 kuifungulia pale kwenye ukumbi wa chakula, nikalipa kwa moyo mmoja. Mhudumu akammiminia mama kwanza. Mama akaonja, akanyamaza, akaomba apewe chupa aishike. Shemeji akamsomea ile lebo ya Kiswahili kwa sauti, maneno yote mpaka anuani ya kiwanda, halafu akaisoma tena. Miaka 11, Eli.

ELI: Na chupa mliiacha?

AIKA: Mama angekubali? Iko jikoni kwake Kibosho, ameijaza asali.