Jinsi ya Kuchora Bibi na Bwana: Angalia Sana Miguuni Pao

Karibuni tena jamani, nipo hapa uani kwangu Pasua, Moshi. Leo tunachora Bibi na Bwana, nembo yetu ya taifa, ya kutundikwa shuleni. Nilitaka nianze kwa kuwaonyesha Mlima lakini umefunika. Ukifunuka nitageuza kamera.

Plaiwudi ni futi 4 kwa 4. Msasa na praima nimeshamaliza, hayo mnayajua. Piga mstari wa katikati kwa chaki, juu mpaka chini. Vipimo vyote vinatoka hapo.

Ngao kwanza. Juu ni dhahabu, ndiyo madini yetu, na ndani yake mwenge unaowaka. Kila nikifika kwenye huu mwenge namkumbuka Luteni Alexander Nyirenda, aliyeupandisha Kilimanjaro kuamkia Uhuru, 9 Desemba 1961. Chini yake bendera: mstari mweusi unapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, kijani juu, bluu chini. Halafu wekundu wa udongo, halafu mawimbi ya bluu na nyeupe. Mkuki wima katikati, shoka na jembe vinapishana.

Pembe za ndovu zinawasumbua wengi. Usichore mbili. Chora moja kwenye karatasi ngumu, ikate, ifuatishe upande huu, kisha igeuze ufuatishe upande wa pili. Zitalingana.

Sasa watu wenyewe. Bwana kushoto kwako unayetazama, Bibi kulia, kila mmoja ameshika pembe yake. Hapa ndipo ninapoipendea hii nembo. Wenzetu wakitaka kuchora taifa kama mtu, mara nyingi huchora mmoja. Wafaransa wana Marianne, na mwaka 1792 muhuri wa Jamhuri yao uliwekwa mwanamke mwenye mkuki, kofia ya uhuru ikiwa kwenye ncha yake. Wamarekani wana Uncle Sam, mzee wa kofia ndefu, na jina lake wanalihusisha na Samuel Wilson wa Troy, New York, aliyepeleka nyama jeshini kwenye vita vya 1812, mapipa yake yakiwa na herufi U.S. Sisi tuna wawili, hawana majina, na ngao iko katikati yao. Kwa hiyo nyayo zao ziweke kwenye mstari mmoja. Asiwepo wa nyuma.

Haya, sikilizeni hapa. Miguuni kwa Bwana ni mkarafuu. Miguuni kwa Bibi ni mpamba. Narudia: Bwana mkarafuu, Bibi mpamba. Kuna shule nilimaliza ukuta mzima, mtoto mmoja akasimama akatazama, akaniuliza, "Mama, mbona Bwana ana pamba?" Niliumia. Karafuu ni Zanzibar, na hawa wawili wanasimama kwa ajili ya Muungano wetu sote. Nilikwangua mpaka jua linazama. Kwa hiyo kabla hujashika brashi andika kwa chaki, K upande wa Bwana, P upande wa Bibi. Karafuu ichore kama msumari mdogo wenye kichwa, zikae kwa vishada. Pamba ni tumba lililopasuka, jeupe, na kikonyo cha kahawia. Umeandika K na P? Andika kwanza.

Subirini, subirini! Umefunuka! Oneni, Kibo ile kushoto, Mawenzi kulia. Ndio huo Bibi na Bwana wamesimama juu yake.

Eh, bluu imechuruzika kwenye wimbi jeupe. Ikiwa mbichi hivi usiburute. Kitambaa chenye thina kidogo, bonyeza, inua. Bonyeza, inua. Imetoka.

Utepe wa chini, UHURU NA UMOJA. Usianzie kushoto, utaishiwa nafasi. Anza na NA, ule mstari wetu wa chaki upite kati ya N na A. Herufi tano kushoto, tano kulia.

Hii nembo inalindwa na sheria, usiiweke kwenye biashara yako bila kibali. Brashi hizi nyembamba za nyuso ninazo, seti ya brashi tatu, nitumieni ujumbe. Vanishi tunapaka kesho, rangi ikikauka. Na kabla ya vanishi, tazama tena miguuni: Bwana mkarafuu, Bibi mpamba.