PlayStation miguu juu

ZUBEDA: Tunarekodi? Haya. Wasikilizaji, assalamu aleikum, habari za huko mliko. Hapa ni Arua, Uganda, kwenye kipindi chetu cha ufundi, mvua imeacha kupiga mabati, kwa hiyo mtatusikia vizuri kuliko wiki jana. Kaka Swadiki nimemkuta amenuna.

SWADIKI: Sijanuna. Nimekasirika, na sababu unaijua.

ZUBEDA: Mimi naijua, wao hawaijui.

SWADIKI: Wiki hii nimeletewa PlayStation 2, mashine ya gemu, ile nene. Mwenyewe ni kijana, ana kibanda cha gemu njia ya Onduparaka. Mashine inawaka, diski haisomi. Inazunguka, inatafuta, inatafuta tena, kisha skrini inageuka nyekundu. Nikaigeuza kutafuta skrubu, nikaona vichwa vimeshaliwa. Kumbe kuna fundi alinitangulia. Nafungua, nakuta potenshiometa za leza, ile taa inayosoma diski. Ni zile skrubu ndogo za kupandisha na kushusha nguvu yake, moja ya CD na moja ya DVD, zote mbili zimezungushwa hadi mwisho. Na lenzi ina vumbi jekundu juu yake! Hajaigusa hata kwa pamba. Mtu anapandisha utambi wa kandili wakati chimni ndiyo chafu.

ZUBEDA: Uliipindua?

SWADIKI: Zubeda...

ZUBEDA: Nauliza tu. Kabla ya kufungua, uliipindua?

SWADIKI: Wageni wetu, msishangae. Wenyeji wa kipindi hiki wamezoea. Iletwe redio, iletwe pasi, dada yangu huyu swali lake ni moja.

ZUBEDA: Na redio ya shangazi yako ilipona.

SWADIKI: Betri ilikuwa imelegea!

ZUBEDA: Ilipona au haikupona?

SWADIKI: (anacheka) Jamani. Leo tuliahidi mambo manne: kupima, kusafisha lenzi, kupaka grisi reli, na kubadilisha leza. Acha nianze. Kabla ya bisibisi, tafuta diski tatu. DVD ya sinema, CD ya muziki, na gemu yenyewe. PlayStation 2 inasoma kwa miali miwili tofauti. Wa DVD una urefu wa wimbi wa nanomita 650, huo ni mwekundu. Wa CD ni nanomita 780, na huo jicho karibu haliuoni. Kwa hiyo usichungulie ndani ukasema leza haiwaki. Kwanza utajiumiza jicho, pili hutapata jibu. Ikisoma DVD ikakataa CD, au kinyume chake, umeshajua upande gani una shida hata hujagusa skrubu. Gemu zenyewe zinakusaidia: za PlayStation 2 zenye mgongo, yaani upande wa chini wa diski, wa buluu ni CD, zenye mgongo wa fedha ni DVD.

ZUBEDA: Na zenye mgongo mweusi ni za PlayStation ya kwanza.

SWADIKI: Naona unakokwenda.

ZUBEDA: Nakwenda Oli, nyumbani. Kaka yangu alikuwa na ile ya kijivu, ya kwanza kabisa. Watoto wote wa mtaa walikuwa pale. Ilianza kwa picha za mwanzo wa gemu kukatakata, sauti inakwama, mchezaji anaganda mguu hewani. Baadaye ikawa haisomi kabisa. Tukaiweka miguu juu, kifuniko chini, na ikasoma! Ilikaa hivyo, hakuna aliyethubutu kuigeuza. Sasa wewe fundi niambie, miaka yote hii nakuuliza na unanicheka: kwa nini ilisoma?

SWADIKI: Sikukucheka kwa sababu ni uongo. Ni kweli tupu. Dunia nzima waliipindua.

ZUBEDA: Basi eleza.

SWADIKI: Halafu turudi kwenye pamba?

ZUBEDA: Eleza kwanza.

SWADIKI: Haya. Leza inakaa juu ya kigari, kigari kinateleza kwenye reli kutoka katikati ya diski kwenda ukingoni. Lenzi yenyewe imening'inizwa kwenye nyaya nyembamba sana, na koili na sumaku zinaipandisha na kuishusha ili ikae umbali sahihi kutoka kwenye diski. Safari ya lenzi ni fupi mno. Mistari ya data kwenye CD imeachana mikromita 1.6. Kwenye DVD ni 0.74. Ni kazi ya unywele kupasuliwa vipande. Sasa PlayStation ilipotoka Japani, Desemba 1994, matoleo ya mwanzo yalikuwa na kigari cha plastiki, na leza ilikaa karibu na sehemu ya umeme yenye joto. Joto na kuteleza kila siku, plastiki ikalika. Kigari kikazama upande mmoja, leza ikaegama. Lenzi inajaribu kupanda kufikia umbali wake, haifiki.

ZUBEDA: Ukiipindua, uzito unavuta upande wa pili.

SWADIKI: Sawasawa. Kigari kinaangukia upande wa diski badala ya kuikimbia. Leza inarudi mahali pake, au karibu na pake. Baadaye watengenezaji wenyewe waliihamisha leza ikawa mbali na joto la umeme.

ZUBEDA: Na diski haidondoki?

SWADIKI: Kwenye ile ya kijivu hapana. Pale katikati pana vigololi vitatu vyenye springi, ukibonyeza diski inakamatwa. Ndiyo maana mliweza. Hii nene ina trei, diski inakuja kubanwa kwa sumaku baada ya trei kuingia. Ukiweka diski mashine ikiwa miguu juu, itakuangukia. Kuisimamisha wima inaruhusiwa, imeundwa hivyo, ila usiigeuze diski ikiwa inazunguka. Itachora duara kwenye diski, na duara hilo halifutiki.

ZUBEDA: Kwa hiyo kumbe watoto wa Oli walikuwa wanapima mashine.

SWADIKI: Walikuwa wanapima, wallahi. Ikisoma miguu juu, umejua leza ina nguvu zake, kinachokosekana ni mkao. Sasa kwa nini uzungushe potenshiometa? Hapo ndipo namkasirikia yule bwana. Ukipandisha nguvu, mkondo wa umeme kwenye leza unazidi. Itasoma, ndiyo. Itasoma kwa muda, huku inajiunguza. Mteja anafurahi, analipa, halafu mashine inakufa na yeye hajui ameuziwa nini.

ZUBEDA: Mimi namtetea.

SWADIKI: Unamtetea mtu usiyemjua?

ZUBEDA: Namjua mteja. Kijana analipa kodi ya kibanda. Watoto wanalipa kwa mechi, na jioni moja bila mashine ni jioni moja bila unga. Leza inaagizwa Kampala, inakuja kwa basi, inavuka Karuma, inavuka Pakwach, na ikifika unakuta imebanduliwa kwenye mashine nyingine iliyochoka. Wewe mwenyewe umelalamikia jambo hilo hapa hapa. Fundi akimwambia, "Nikizungusha utacheza leo, lakini unakula akiba yako," na kijana akakubali, kosa liko wapi?

SWADIKI: Alimwambia?

ZUBEDA: Sijui.

SWADIKI: Nilimuuliza kijana. Hakuambiwa kitu.

ZUBEDA: Basi kosa ni kunyamaza. Kuzungusha kwenyewe si kosa.

SWADIKI: Ni kosa kuzungusha kwenye lenzi chafu. Nimepangusa kwa pamba na spiriti ya isopropili, taratibu, maana lenzi ni ya plastiki, ukitumia asetoni inapata ukungu usiotoka. Nikarudisha potenshiometa katikati. DVD zikasoma palepale. CD, zile za buluu, hazisomi mpaka sasa. Upande wa CD umekufa.

ZUBEDA: Umeuawa na nani?

SWADIKI: Na bisibisi!

ZUBEDA: Hujui hivyo. Huenda ulikuwa umekufa tayari, ndiyo maana akazungusha. Kijana alimpelekea gemu gani? Kama ni ya buluu, fundi aliona haisomi, akapandisha, haikusoma, akapandisha tena hadi mwisho. Hiyo ingekuwa dalili ya mgonjwa aliyefika amekwisha kufa.

SWADIKI: Na DVD je? Mbona nayo aliizungusha hadi mwisho na ilikuwa nzima?

ZUBEDA: Kwa vumbi. Hapo umenibana, lakini ni kwa DVD tu. Ya CD huna ushahidi.

SWADIKI: Na sitakuwa nao, kwa sababu hakupima! Unaweka mita kwenye potenshiometa kabla ya kugusa, unaandika usomaji kwenye karatasi, karatasi unaibandika ndani ya kifuniko. Hata ukiharibu, anayekuja baada yako anajua ulipotoka. Mtu asiyeandika asiguse.

ZUBEDA: Kuandika, nakubali tangu zamani. "Asiguse" ndiyo sikubali. Mashine hizi hazitengenezwi tena tangu mwanzoni mwa 2013. Zaidi ya milioni 155 ziliuzwa, na kila inayokufa ni ghala la vipuri kwa nyingine. Leza mpya za kiwandani ni adimu kuzipata. Nyingi zimechoka. Utamwambia kila mteja asubiri nini?

SWADIKI: Asubiri nipangushe, nisafishe reli, nione. Mara nyingi hapahitajiki zaidi ya hapo.

ZUBEDA: Na isiposoma baada ya hapo?

SWADIKI: Tunabadilisha leza.

ZUBEDA: Kama ipo.

SWADIKI: Kama haipo, tunaitafuta.

ZUBEDA: Na leo usiku anakula nini?

SWADIKI: Zubeda, mimi sitazungusha. Kwenye meza yangu hapana.

ZUBEDA: Na mimi ningekuwa na meza, ningezungusha, nikamwambia, nikaandika. Tusonge, hapa hatutoki.

SWADIKI: Hatutoki. Turudi kwenye reli. Grisi ya kiwandani ikizeeka inaganda, kigari kinakwama katikati ya gemu...

ZUBEDA: Kaka, tazama saa.

SWADIKI: Bado sijagusa grisi! Na ile gia nyeupe ya mkao wa leza, kwamba uiwekee alama ya kalamu kabla ya...

ZUBEDA: Alama ya kalamu, wamesikia. Reli na grisi tutatafuta siku nyingine. Na mliotuuliza kuhusu mashine za kutoka Japani: zile ni za volti 100 na ukutani kwetu ni 240, msichomeke bila transfoma ya kushusha. Hilo ndilo jibu lote.

SWADIKI: Nipe moja la leza tu, maana watu wanatupa leza nzuri kwa ajili yake.

ZUBEDA: Haraka.

SWADIKI: Leza nyingi za kubadilishia zinakuja na tone dogo la lehemu lililounganisha nukta mbili kwenye kibao chake. Ni la kuilinda na umeme tuli wa mikono yetu. Chomeka waya bapa kwanza, halafu ndiyo uondoe tone kwa chuma cha kulehemu. Ukilisahau, leza haiwaki kabisa, na utarudi kwa muuzaji kugombana bure.

ZUBEDA: Na ukiliondoa kabla ya kuchomeka waya?

SWADIKI: Basi usiishike na sweta.

ZUBEDA: Tumemaliza muda. Tutumieni sauti zenu, hasa mlioweka mashine miguu juu, semeni ilikuwa ya toleo gani na ilisoma kwa muda gani. Swadiki, usiziguse zile nyaya, bado tunarekodi.