Majina Manne, Makasia Matano: mhadhara uliotolewa Mwanza

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini nizungumzie watu wanavyowatazama wahamiaji wa kazi, na kama mipaka ifunguliwe au ifungwe. Walionisikia Nyegezi mwaka jana wanajua ninakoelekea. Wanivumilie, nitarudia.

Historia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mnaijua, siirudii. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 ukaja kufunguliwa 1983, na humu ukumbini wamo waliouvuka usiku na gunia kichwani. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi Julai 2010. Inasema mfanyakazi wa nchi mwanachama anaweza kuvuka kufuata kazi, ila kila nchi ikaambatanisha ratiba ya kazi ilizokubali kufungua, na ratiba hizo ziliandikwa zaidi kwa kuwafikiria wenye vyeti. Mvuta nyavu hana cheti. Basi, hayo yanatosha.

Sasa niwaulize. Ukisimama Mwaloni pale Kirumba, kwenye soko la samaki, asubuhi ukawauliza watu, "Wageni waondoke?", wengi watakwambia waondoke, wanatumalizia kazi. Nimeuliza mara nyingi. Halafu muulize huyo huyo, "Na yule mama wa Kongo anayekununulia kayabo, samaki wa chumvi?" Atakushangaa! "Yule si mgeni, yule ni mteja wangu." Muulize tena kuhusu mdogo wake anayevua visiwa vya Uganda. "Yule anatafuta maisha." Mtu mmoja, asubuhi moja, majibu matatu, na yote ameyatoa kwa moyo mweupe. Kwa hiyo mtu akiniletea matokeo ya kura ya maoni kwamba wananchi wanataka hiki au kile, swali langu la kwanza ni: mliwauliza kuhusu nani? Mgeni wa jumla kila mtu anamwogopa. Mgeni mwenye sura na jina ana mizani nyingine.

Nije kwenye kisa changu. Wapo waliokwisha kukisikia.

Ilikuwa miezi michache baada ya Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ile ya kuwaondoa wahamiaji haramu Kagera, Geita na Kigoma. Mimi nilikuwa nazunguka mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki, kwa kazi ya chama cha wafanyakazi. Nikafika kisiwa kimoja, sitakitaja, na tajiri mwenye mitumbwi sitamtaja. Ilikuwa mwisho wa giza. Kwa wasiotoka ziwani: dagaa wanavuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa, na kipindi hicho cha kila mwezi ndicho tunachokiita giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa haina maana, watu wanapumzika, na hapo ndipo hesabu inapigwa. Zinatolewa gharama, petroli, taa, chakula, kinachobaki kinagawanywa: upande mmoja tajiri na chombo chake, upande wa pili wavuvi.

Mtumbwi ule ulikuwa na wavuvi watano. Wanne wa kwetu, na kijana mmoja Mrundi, umri wake hata ishirini sidhani. Kiswahili chake kilikuwa cha kupapasa, lakini mikono yake! Niliwaona usiku mmoja wanatoka. Yeye ndiye aliyekuwa anazipanga taa, anazifuta vioo kwa kipande cha khanga alichokifunga kiunoni, moja moja, kama anayemwosha mtoto uso. Mama mmoja mwanika dagaa aliyenipa mahali pa kulala aliniambia mtumbwi ule ulikuwa unajaza kuliko mingine tangu kijana huyo aje.

Jioni ya kuamkia siku ya hesabu, tajiri akapita kwenye vibanda. Hakumwambia kijana neno. Alimwambia karani wake, kwa sauti ya kusikika: "Nasikia boti ya Uhamiaji imeonekana, kesho asubuhi iko hapa." Akaenda zake kulala.

Usiku wa manane kijana akapanda mtumbwi wa mkaa uliokuwa unavuka. Aliacha blanketi, aliacha sufuria, aliacha ujira wa giza zima.

Asubuhi nilikaa pale ufukweni hadi jua likawa utosini. Boti haikuja. Nikaomba kuona daftari. Karani alikuwa mtu mwema, akanipa. Majina manne! Makasia matano yametoka kila usiku, na daftari lina majina manne. Fungu la tano hakugawiwa mvuvi yeyote kati ya wale wanne. Lilirudi kwa tajiri.

Mmoja wao, Msukuma mwenzangu wa Magu, akaniambia, "Bwana mkubwa, afadhali ameondoka, hawa wanatuharibia bei." Sikubishana naye, alikuwa amechoka na mimi nilikuwa na hasira. Baada ya giza tatu akanipigia simu. Tajiri amepunguza fungu la wavuvi wote. Walipolalamika akawajibu: "Asiyetaka aache, wako wanaotaka." Na kweli walikuwapo. Alikwisha kupata wengine wawili wasio na karatasi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wananinukuu vibaya. Sisemi kwamba wageni hawashushi ujira. Kwenye mwalo ule ujira ulishuka, nimeuona kwa macho yangu. Ninachouliza ni nini kilichoushusha. Yule kijana hakuwa rahisi kwa sababu ni Mrundi. Alikuwa rahisi kwa sababu hawezi kudai. Mimi na wewe tukidhulumiwa tunakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, tunaweza kushinda, tunaweza kushindwa, lakini mlango tunaujua. Yeye akienda pale atatokea mlango wa nyuma akiwa mahabusu. Tajiri anajua. Na kadiri tunavyomtisha mgeni, ndivyo tunavyomwongezea tajiri huyo bidhaa anayoipenda: mtu asiyelalamika. Halafu wewe wa Magu unashindanishwa na mtu asiyelalamika. Utamshinda vipi?

Naona mkono kule nyuma, ndugu yangu, najua swali lako, naulizwa kila mahali: "Wakiruhusiwa rasmi si watajaa?" Hofu hiyo siidharau. Ngoja nikupe mfano wa mbali kidogo. Mwaka 1980, katika miezi michache tu, Wakuba wapatao 125,000 waliondoka bandari ya Mariel kwenda Marekani, na wengi wakabaki Miami. Nguvukazi ya mji ule iliongezeka kwa karibu asilimia 7, kama mafuriko. Mchumi David Card, aliyekuja kupata Nobeli mwaka 2021, alipima mishahara ya watu wa chini pale na hakuona kwamba imeporomoka. Miaka mingi baadaye mwenzake George Borjas, ambaye mwenyewe alizaliwa Kuba, akazipima upya akasema hapana, wale ambao hawakumaliza sekondari waliumia. Wanabishana hadi leo, na mimi siwezi kuwaamulia. Lakini wote wawili wanazungumzia watu walioruhusiwa kufanya kazi hadharani, wenye jina kwenye kitabu cha mwajiri. Hata katika hali hiyo kuna walioweza kuumia, nakubali. Sasa fikiria hali ya kwetu, ambapo mgeni yupo vilevile, anafanya kazi ileile, ila jina halipo.

Maana yupo. Hili ndilo linalonichosha katika mijadala hii. Tunabishana kana kwamba ziwa lina geti! Ziwa hili lina nchi tatu na zaidi ya kilomita za mraba 68,000 za maji. Sangara hajui kama kisiwa cha Migingo, kinachogombaniwa, ni cha Kenya au cha Uganda, na anayemfukuza sangara naye anajua kidogo tu. Swali la kama waje au wasije limekwisha kujibiwa na njaa na nyavu. Lililobaki ni kwamba wakija, wanafanya kazi chini ya sheria ipi.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Nilikuwa na sehemu nzima juu ya Ulaya, nitaigusa tu. Waingereza walipopiga kura Juni 2016, mji wao wa Boston, si ule wa Marekani, kwenye mashamba ya mboga yaliyojaa vibarua kutoka Ulaya Mashariki, ulitoa asilimia 75 na ushee za kujitoa Umoja wa Ulaya, na London yenye wageni wengi zaidi ikakataa. Wengine wanasema Boston ni wabaguzi. Mimi nawaambia nendeni muulize nani alikuwa anawapangisha wale vibarua nyumba, na nani alikuwa anawapa kazi kwa siku. Siwatetei waliomtukana mgeni. Nasema hasira ilikuwa na chanzo, ikaelekezwa kwa aliye karibu.

Na amri ya serikali yetu ya Julai 2025, iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15, uwakala wa pesa, kutengeneza simu, saluni na nyinginezo? Hiyo ni habari ya wafanyabiashara, mimi nazungumza juu ya wafanyakazi. Tuiache, tutakesha.

Omani ningependa kuizungumza kwa kirefu, kwa sababu mabinti zetu wako kule majumbani mwa watu, chini ya utaratibu ambapo ukaazi wako umefungwa kwa mwajiri wako, ukimkimbia unakuwa mhalifu. Tunapowapokea wakirudi wanalia, tunasema Waarabu hawana utu. Blanketi la yule kijana lilibaki kwenye kisiwa chetu sisi.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana bila kubadili Itifaki hata nukta. Siku ya hesabu, afisa kazi afike mwaloni kabla ya Uhamiaji. Daftari lifunguliwe mbele ya wavuvi wote na makasia yahesabiwe. Tajiri aliyemwajiri mtu bila kibali aanze kwa kumlipa mtu huyo fungu lake lote, pale pale mchangani, hayo mengine yafuate baadaye. Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inambana mwajiri pia, lakini kwenye mialo yote niliyozunguka sijamwona tajiri hata mmoja akipandishwa boti.

Karani wa mwalo ule tunasalimiana hadi leo. Aliniambia kipande kile cha khanga kilikutwa kimefungwa kwenye mti wa taa, na aliyekuja kuchukua nafasi ya kijana akawa anakitumia. Nikamuuliza karani kama jina la huyo mpya ameliandika. Akasema bado.

Mwenyekiti, nipokee maswali, tuanze na ndugu yangu wa kule nyuma.