Kabla ya Kuhesabu Miche

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyinyi wanangu mliojazana kule mlangoni, sogeeni, nafasi ipo.

Nimeletewa mada yenye vichwa vitatu: uhifadhi wa pwani, afya ya wasichana na turathi. Ratiba imekigawia kila kimoja dakika zake. Walionisikia Vanga na Msambweni wanajua kwamba mimi sivigawi. Nitaanza na mikoko, na nitakaa huko. Wasichana na wazee wataingia wenyewe, maana hawajawahi kuwa mbali na mikoko.

Kikundi cha vijana kinapata ufadhili. Siku inatangazwa, fulana zinachapishwa, magari yanafika, kiongozi anapigwa picha ameshika mche. Jioni tunatangaziwa kuwa imepandwa mikoko elfu kadhaa. Mimi huuliza: mikoko ipi? Na naomba msinichoke, kwa sababu kila ninapouliza napata kimya. Kenya ina aina 9 za mikoko. Kuna mkoko wenyewe, mlilana, mchu, mkandaa, kikandaa, muia, msikundazi, na mikomafi ya namna mbili. Lakini nenda siku ya kupanda utazame ndoo. Karibu zote ni mkoko mtupu. Kisa ni urahisi. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado inaning'inia mtini, ni ndefu kama fimbo, unaiokota, unaichomeka topeni, umemaliza. Mlilana una mbegu ndogo ndogo ndani ya tunda. Lazima uzioteshe kitaluni na kuzilea kabla ya kuzishusha baharini. Hiyo ni kazi ya miezi, na mfadhili ana tarehe yake. Basi mlilana unaachwa.

Sasa tazameni bahari ilivyopangika. Ukitoka majini kuja nchi kavu, anayepokea mawimbi kwanza ni mlilana. Nyuma yake anafuata mkoko, halafu muia, halafu mkandaa, na huko juu kabisa yuko mchu, mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Kila mti una kiasi chake cha kuzama. Ukiuchukua mkoko ukaupeleka mbele, kwenye tope tupu linalofunikwa na maji saa nyingi kila siku, unaukosesha pumzi. Viumbe vidogo vyenye magamba makali vitaganda kwenye shina mpaka vilielemee, na mawimbi yatamalizia. Na ni tope hilo hilo tupu tunalolikimbilia! Liko wazi, halina mgogoro wa mwenyewe, na picha zake zinapendeza. Hatujiulizi kwa nini miaka yote hiyo halikuota kitu.

Mtu ataniambia, "Mama, afadhali wamepanda kuliko kukaa." Nalisikia hilo kila mahali na silikubali. Msitu ukifa, cha kwanza ni kuuliza umeuawa na nini. Kule Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, mizizi ikafukiwa na mikoko ikafa kwa wingi. Utapanda nini hapo kabla hujatazama udongo unatoka wapi? Na pengine hakuna haja ya kupanda kabisa. Mlango wa maji uliozibwa na barabara au tuta ukifunguliwa, mbegu zinaletwa na maji zenyewe, kila moja inashika pale inapopafaa. Hapa Gazi na Makongeni watu wa Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji, wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko yao inaifyonza na kuihifadhi, tangu mwaka 2013, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, kutokana na hekta 117. Fedha zimekwenda kwenye maji na shule. Sehemu kubwa ya kazi yao ni kuulinda msitu uliokuwapo. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kujifunza kwao, na sisi majirani bado tunakimbilia ndoo.

Na haya mambo ya mlilana mbele na mchu nyuma sikuyapata kitabuni. Nilifundishwa na wazee waliokata boriti za mikoko. Mkataji aliijua miti kwa vipimo, fito, pau, boriti, nguzo, na alijua kila kipimo kinatoka aina gani na sehemu gani ya msitu. Ukiingia nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu, mji ulioingizwa kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Wajenzi hawakukosa nafasi. Dari hushikwa na boriti, na boriti ina urefu wake, kwa hiyo upana wa chumba ulipimwa na msitu. Hiyo ndiyo turathi ninayoizungumza. Tukisema turathi vijana wanafikiria ngoma ya kumpokea mgeni rasmi. Ngoma naipenda, lakini mzee anayejua mti gani unaota wapi tunamkalisha hemani anywe soda, na vijana wanaopanda wako topeni wanamfuata afisa mwenye karatasi.

Na wako kina nyanya, ambao hata hemani hawakalishwi. Mama aliyechokoa pweza na kutafuta chaza na kaa miaka yake yote anajua tope lililobadilika, anajua mwaka gani kaa walipungua na upande upi. Ninyi mna simu zenye ramani. Mpelekeni mama huyo msituni na hiyo ramani, aonyeshe kwa kidole, nanyi muweke alama. Asubuhi moja tu mtajifunza mengi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja leo.

Kikundi kimoja, sitakitaja, kiliniita kiniombe ushauri. Mwenyekiti kijana mzuri, mwenye bidii. Akafungua daftari la mahudhurio, akaniambia, "Mama, tunawaandikisha wasichana, lakini hawadumu. Hawana moyo wa kazi." Nikaliomba lile daftari. Nikaona jina la msichana limetiwa alama vizuri, kisha linapotea miezi mitatu, kisha linarudi. La mwingine hivyo hivyo, kwa miezi tofauti. Mvivu hapotei kwa mpango namna hiyo. Nikaomba nikae na wasichana peke yetu.

Mnajua kikundi kinashuka lini kufanya kazi: wakati wa bamvua, maji yanapopwa mbali kabisa. Na bamvua ni mwezi mpya na mwezi mpevu. Huku kwetu maji ya bamvua hupwa sana kuanzia katikati ya asubuhi, kwa hiyo mnashuka mapema na kutoka mchana. Saa nyingi topeni, tope linafika magotini, mahali pengine mapajani. Hakuna choo, hakuna maji safi, hakuna kificho. Mvulana akibanwa anageuka nyuma ya mti. Msichana aliye katika siku zake afanye nini? Sodo imelowa maji ya chumvi na tope, pa kubadilisha hapana, pa kuiweka ile chafu hapana. Anabaki nyumbani. Akiulizwa anasema kichwa kinamuuma.

Na sikilizeni hesabu hii, maana hapa ndipo nilipoliona daftari lile kwa macho mengine. Mwezi wa mbinguni unachukua siku 29 na nusu kurudi pale pale. Mzunguko wa wasichana wengi unakaribia hapo, siku 28 au zaidi au pungufu kidogo. Kikundi kikishuka bamvua moja kwa mwezi, tuseme ya mwezi mpevu, msichana ambaye siku zake zimeangukia hapo mwezi huu, zinaweza kuangukia hapo mwezi ujao, na unaofuata, mpaka zisogee taratibu zitoke. Ndiyo ile miezi mitatu daftarini. Halafu zamu inamfika mwenziwe. Kalenda ya bahari na kalenda ya mwili zinakwenda karibu mwendo mmoja, na sisi tumeandika "hayupo".

Lile daftari ndilo linaloamua nani apewe posho, nani aende semina, nani achaguliwe katibu. Baada ya miaka michache kamati yote ni wavulana, na mtu anasimama kwenye mkutano kama huu anasema wasichana wa Pwani hawapendi uongozi. Hilo linanikasirisha sana, na nalisema waziwazi.

Naona mzee wangu mmoja ameinamisha kichwa. Mzee wangu, wewe ulisoma fiqhi, sheria za dini, chuoni ungali mtoto. Ulifundishwa hukumu za hedhi na twahara, mwalimu anasoma kwa sauti na wavulana mnaitikia. Hakuna aliyeona haya. Haya zinatujia tu pale tunapotakiwa kujenga choo.

Na wafadhili wananiambia, "Sisi ni wa mikoko, hatununui sodo." Mnanunua mabuti ya mpira? Mnanunua glavu? Mnakodi mashua? Basi choo chenye mlango, maji na ndoo yenye mfuniko pale mnaposhukia ni vifaa vya kazi kama hivyo. Kiwekeni kwenye bajeti ya mikoko, ukurasa ule ule wa mabuti. Na kila mwezi pangeni kazi ya nchi kavu inayohesabiwa sawa na ya topeni: kitalu, kuandika kumbukumbu, kuwahoji wazee. Asiyeshuka bamvua hii awe ana mahali pa kutia alama, bila kuulizwa sababu. Kikundi kile kilianza hivyo, na majina yakaacha kupotea.

Kuhusu sodo zenyewe niende haraka. Kenya iliziondolea kodi ya VAT mwaka 2004. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa, serikali ikatakiwa kumpa sodo bure kila msichana aliyebaleghe anayesoma shule ya umma. Watu wanakumbuka hapo tu. Sheria ile ile inataka pia pawepo njia salama ya kuzitupa, isiyoharibu mazingira. Niambieni ni shule ngapi mnazozijua zenye njia hiyo. Sodo za dukani nyingi zina plastiki. Zikikosa pa kwenda zinaishia shimoni, jalalani, na mvua ikinyesha zinashuka kwenye mkondo mpaka kwenye mizizi ya mikoko tuliyoipanda kwa mbwembwe. Kwa hiyo vikundi vya mazingira hili ni lenu moja kwa moja. Na aliyeacha shule sheria hiyo haimgusi. Yule anayelima mwani na mama yake huko Kibuyuni, akisimama majini asubuhi nzima, nani anampa? Sodo za kitambaa zinashonwa, cherehani zipo, lakini zinahitaji maji safi na jua, na msichana asiyeona haya kuzianika. Tunarudi kwenye maji.

Na nikisema turudishe pia mafunzo ya zamani ya wasichana, mtaniambia nawarudisha kwenye mila zinazowaoza mapema. Siwarudishi huko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema miaka 18, na mimi nasimama hapo bila kuyumba. Ninachokililia ni somo, yule mwanamke ambaye si mama mzazi, aliyekuwa akimkalisha msichana aliyevunja ungo na kumweleza mwili wake bila kumtisha. Tumemwondoa, mahali pake tumeacha simu. Wapo kina mama hapa wanaoweza kazi hiyo wakipewa mafunzo kidogo na muuguzi wa zahanati. Waitwe.

Kuhusu kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, nilikuwa na mengi, nitaonja tu. Kaya Kinondo na nyenzake ziliingia kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka 2008. Mgeni akiingia Kinondo hufungwa kitambaa cheusi na haondoki hata na kijiti. Miti ile mikubwa haikupandwa na mradi, ilisimama kwa sababu wazee walikataza na watu wakatii. Vijana wanaoongoza wageni pale wajifunze kwanza makatazo yenyewe kutoka kwa wazee wa kaya, kabla ya hadithi za kuwafurahisha watalii. Mengine nayaacha, mwenyekiti wa mkutano amekwisha kuniangalia mara mbili.

Ombi langu kwa maafisa wa kaunti mliopo ni dogo na linaandikika leo. Kwenye fomu ya ripoti ya vikundi, pale panapoulizwa idadi ya miche, ongezeni mistari minne: aina gani, nani alionyesha mahali, mingapi iko hai baada ya mwaka, na choo kiko wapi. Nimekuja na nakala niliyokwisha kuichora, iko pale mezani karibu na maji ya kunywa. Ahsanteni. Maswali tuyaanze na wasichana.